Mama Mkwe Katikati ya Rola

Fundi Sponji alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake kwa zaidi ya dakika nne. Si kwamba waligombana. Ugomvi unataka watu wawili, na kila mama mkwe alipoingia sebuleni, fundi alikumbuka shughuli. Alisimama, akaamkia huku macho yakitazama zulia, kisha akaenda kuangalia kama geti limefungwa. Hapakuwa na geti lililoangaliwa mara nyingi kama lile mtaa mzima.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Karakana yake ilikuwa kati ya kinyozi na duka la vioo, na ndani mlijaa mbao, springi, matambara ya vitambaa na vipande vya sponji vya kila unene, ndipo lilipotoka jina lake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono myepesi. Kasoro yake kubwa kikazi ilikuwa neno "kesho", ambalo alilitumia kwa wateja kwa moyo mweupe kabisa, akiliamini mwenyewe.

Mama mkwe huyo alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi ya masjala katika ofisi moja kubwa, na watu walimwita Bibi Masjala. Alijua faili la kila mtu lilipo, na mtu asiye na faili alimfungulia kichwani. Alikuja kumtembelea bintiye kwa wiki moja. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, amekwishapanga upya kabati la vyombo, kabati la nguo na viatu vya ukoo wote kwa ukubwa wa soli.

Kati ya hao wawili alikuwapo Kishindo.

Kishindo alikuwa mtoto wa pekee wa fundi na mkewe, msichana wa miaka sita, na jina hilo alipewa na majirani wa ukuta wa pili. Hakupita mlangoni bila kuugonga kwa bega. Hakuketi kwenye kiti, alikiangukia. Akikupenda alikukumbatia mpaka ukatafuta pumzi, na akiudhika alijipenyeza kati ya godoro na ukuta, akakaa humo kama karatasi kwenye kitabu. Shuleni alitafuna kola za sare tatu kwa muhula mmoja. Mwalimu wake alituma vijibarua nyumbani, mwanzoni vya adabu, baadaye vya kusihi.

"Mtoto hajafundishwa kutulia," alisema Bibi Masjala.

"Ataacha akikua," alisema baba yake, akaenda kuangalia geti.

Mama Kishindo, aliyekuwa mwalimu wa hesabu sekondari na hakupenda majibu ya kubahatisha, alimpeleka mtoto kliniki kwa mtaalamu wa tiba kazi, anayefundisha mwili shughuli za kila siku. Ilipofika ziara ya nne alimlazimisha na mumewe aende.

Fundi alikwenda shingo upande. Alitarajia dawa na sindano. Badala yake aliingizwa kwenye chumba chenye mikeka minene, bembea, mablanketi mazito na vizibao vidogo vyenye vifuko vya uzito mifukoni. Katikati ya mkeka Kishindo alikuwa amelala kifudifudi, na mwanamke mwembamba aliyevaa raba alikuwa anamviringishia mgongoni mpira mkubwa kuliko yeye, taratibu, akiusukuma chini kwa nguvu, kutoka mabegani mpaka miguuni.

"Anamfanya chapati," fundi alimnong'oneza mkewe.

"Nyamaza uangalie uso wa mtoto."

Fundi akaangalia. Kishindo alikuwa amefumba macho, mdomo umelegea. Fundi hakuwahi kumwona hivyo akiwa macho.

Mtaalamu, ambaye Kishindo alikuwa amekwishambatiza Shangazi Mpira, alimweleza fundi bila kumzungusha. "Wewe ukifumba macho unajua mkono wako uko wapi. Misuli na viungo vinakuletea habari. Yeye habari hizo zinamfikia kwa mnong'ono, ndiyo maana anajigonga kila mahali. Anatafuta kusikia. Tukimpa mgandamizo wa kina, wa polepole, ulio sawa pande zote, mwili unapata habari zake na unatulia. Si uchawi, na si kila mtoto anaupenda. Huyu anaupenda."

Fundi alikuwa anasikiliza, lakini mkono wake ulikuwa umeteleza wenyewe kwenda kuminya ukingo wa mkeka. Akakunja uso.

"Nani kawauzia sponji hii?"

"Ina nini?"

"Imekufa. Ukiikanyaga inakaa hivyo hivyo. Sponji nzuri inakusukuma kukurudisha." Akaona amesema sana, akauachia mkeka.

Shangazi Mpira akafungua droo na kutoa picha. Ilikuwa fremu ya mbao iliyoshika rola nne nene, mbili juu na mbili chini, kila jozi imesogeleana. Mtoto anajisukuma kati yake kwa tumbo, anatokea upande wa pili. "Tumeitafuta miaka miwili hatujaipata. Unaweza kuitengeneza?"

Fundi aliigeuza picha juu chini. "Hili ni kochi lililokosa adabu," alisema. "Naweza."

Masharti aliyopewa yalikuwa manne, na mkewe aliyaandika nyuma ya picha. Mtoto anaingia kwa hiari yake. Shingo na kichwa havibanwi. Akisema basi, ni basi. Na hakuna mtoto atakayepita humo kabla mtaalamu hajaikagua kwa mikono yake.

Kazi ilimchukua siku tisa, na katika siku hizo alisahau kila mteja. Alifunga sponji nzito kwenye mabomba manene ya plastiki, akayavika ngozi bandia laini ya bluu, akashona mshono mmoja mrefu ulionyooka kama mstari wa daftari. Rola za juu alizivuta chini kwa mikanda ya mpira aliyokata kwenye tyubu kuukuu za lori. Ijumaa mchana alimaliza, akasimama mbali, akaitazama kama mtu anayetazama mtoto wake siku ya mahafali.

Likabaki swali moja: inabana kiasi gani?

Mkewe alikuwa kazini. Kishindo alikuwa shule. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Fundi akachungulia nje, akavua viatu, akavivaa tena kwa sababu sakafu ilikuwa na misumari, akapiga magoti na kuingiza kichwa.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita, yakaminywa vizuri. Kifua kikapita. Ilipofika zamu ya tumbo, rola zilisita, zikafikiri, zikakubali nusu. Fundi akajisukuma. Kitu kikasema *tik*. Lilikuwa bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda wake wa suruali, limenasa kwenye ule mshono mrefu ulionyooka.

Angejivuta kwa nguvu angetoka, lakini mshono ungefumuka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akajaribu kurudisha mkono nyuma, haukufika. Akafikiri kumwita kinyozi, akakumbuka kwamba kinyozi akijua jambo saa saba, saa nane linajulikana sokoni. Basi akalala hapo, kichwa upande mmoja, miguu upande mwingine, akisubiri apate akili.

"Hodi humu," ilisema sauti mlangoni.

Fundi aliijua sauti ile. Alijaribu kusimama, kama alivyozoea. Fremu nzima ikasogea inchi mbili.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko huku chini, mama."

Bibi Masjala aliingia na mkoba wake mweusi wa ofisini. Alikuja kuikagua mashine inayosemekana itambana mjukuu wake, na alikuja na tepu ya kupimia. Akaviona viatu kwanza. Akaizunguka fremu polepole, akakikuta kichwa cha mkwewe kimechomoza upande wa pili kama barua iliyokwama kwenye taipureta.

"Umekwama?"

"Hapana, mama. Ninakagua."

"Unakagua nini?"

"Mshono."

"Kwa tumbo?"

Bibi Masjala alivuta kigoda, akakaa mbele ya uso wake, akafungua mkoba, akatoa daftari dogo na kalamu. Mtu aliyekimbia mafaili yake kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebanwa mbele yake kwa rola nne, na nafasi ya namna hiyo mtu haikalii kimya.

"Tangu nifike umekwenda kuangalia geti mara arobaini na mbili," alisema. "Geti lina nini?"

Siku nyingine swali kama hilo lingemtoa fundi jasho jembamba, na miguu ingekuwa imeshafika barabarani. Akasubiri moyo uanze kumwenda mbio. Haukuanza. Sponji ilikuwa imemshika kutoka mbavuni hadi nyongani, sawasawa pande zote, na ndani yake mlikuwa shwari kama darasa lililopewa mapumziko. Akasikia mdomo wake ukisema ukweli.

"Geti ni zima, mama. Ninakuogopa wewe."

Bibi Masjala akaandika. "Kuanzia lini?"

"Siku ile nilipokuja kujitambulisha kwenu. Ulikaa kwenye lile kochi la kijani, ukasema limetengenezwa na mjinga."

"Nakumbuka. Lilikuwa linachoma springi."

"Nilikuwa nimelitengeneza mimi."

Kalamu ikasimama.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," fundi aliendelea, mtulivu kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. "Ndio naanza kujifunza. Lilikuwa kochi langu la kwanza. Nilipoliona kwenu nilidhani ni bahati."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema nini, mama?"

Bibi Masjala alifikiri kwa haki. "Ningesema linachoma springi."

"Basi."

"Kwa hiyo miaka kumi na mmoja unanikimbia kwa sababu ya springi."

"Ndiyo, mama. Ukiisema hivyo inaonekana ndogo."

Mabega ya Bibi Masjala yakaanza kutikisika. Fundi alidhani analia, akaogopa kidogo, kwa kadiri mashine ilivyomruhusu. Alikuwa anacheka, bila sauti, kama watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyoandikwa *Kimya*. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi nikadhani hupendi harufu yangu ya karafuu," alisema. "Nimebadilisha mafuta mara tatu."

Akaivaa tena miwani.

"Sasa tukutoe," alisema bibi. "Umenasa wapi?"

"Mkanda wa suruali, mama."

Hapo kazi ikawa ngumu. Bibi Masjala hakuwa tayari kuugusa mkanda wa suruali wa mkwewe, hata kama paa lingeshika moto, na fundi hakuwa tayari kuguswa. Wakajadiliana. Hatimaye bibi alichukua rula ndefu ya mbao iliyokuwa juu ya meza, akageuza uso akatazama dari, akaanza kupapasa kwa ncha.

"Hapo?"

"Hilo ni tumbo, mama. Kushoto."

"Hapo?"

"Hiyo bado ni tumbo."

"Linaishia wapi?"

Kinyozi alichagua dakika hiyo kuja kuazima gundi. Alisimama mlangoni, kitana sikioni, akamwona mama mtu mzima mwenye miwani akitazama dari huku akimchoma jirani yake tumboni kwa rula.

"Nitarudi baadaye," alisema kinyozi, lakini hakuondoka.

Bizimu likafunguka. Fundi alitokea upande wa pili taratibu, shati limefika makwapani, mshono wa bluu mzima kabisa. Akaketi sakafuni. Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwaka mzima, akasema hivyo.

"Hebu," alisema Bibi Masjala.

"Hapana, mama."

"Mjukuu wangu atapita humu. Kama kuna kitu kinaumiza nitakijua mimi, si wewe mwenye sponji ya kuzaliwa." Akavua viatu, akavipanga kando soli kwa soli. Akavua miwani, akamkabidhi kinyozi. Akajifunga mtandio vizuri, akainama, akaingia.

Aliingia kwa nidhamu, kama karatasi safi. Mabega, kiuno, nyonga. Alipofika katikati, akasimama.

Fundi na kinyozi wakasubiri. Ukapita muda wa kunyoa ndevu nzima.

"Mama?" fundi aliita.

Kimya.

"Mama, umenasa?"

Kimya. Kinyozi alishika mdomo. Fundi akapiga magoti, roho juu, akauangalia uso wa mama mkwe wake. Macho yalikuwa yamefumbwa. Ile mistari miwili iliyokuwa kati ya nyusi zake tangu amjue, ambayo alidhani alizaliwa nayo, ilikuwa haipo.

"Mama, uko salama?"

"Nyamaza," alisema Bibi Masjala, polepole sana. "Nani kakwambia uongee?"

Basi wakanyamaza. Na katika kimya hicho akaingia wakili.

Wakili huyu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mahakamani, aliyekuwa ameahidiwa kochi la watu watatu mara saba. Alikuja amejiandaa. Alianza kuongea akiwa bado barabarani, na alipofika ndani alikuwa kwenye hoja ya tatu, inayohusu wageni wake kukaa kwenye ndoo. Kisha akaona kichwa kinachoongea naye kutoka katikati ya mashine.

"Uliahidiwa tarehe ngapi?" kichwa kiliuliza kwa upole.

Wakili alishikwa na butwaa, lakini aliulizwa swali la tarehe, na swali la tarehe hawezi kuliacha. "Mara ya kwanza, tarehe tatu mwezi uliopita."

"Ahadi ipo kwa maandishi?"

"Hapana. Alisema kesho."

"Fundi," kilisema kichwa, bila kufumbua macho. "Kochi la huyu mama liko wapi?"

"Lile pale, mama. Fremu na sponji tayari. Bado kitambaa."

"Kitambaa kinachukua siku ngapi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi fundi alilazimika kuhesabu kabla ya kujibu. "Siku tatu."

"Andika, mama wakili. Jumatatu jioni. Fundi ataweka sahihi. Kinyozi ni shahidi."

Wakili aliandika, fundi akaweka sahihi, kinyozi akaweka sahihi na tarehe. Baada ya hapo wakili hakuondoka. Alikuwa ameuona vizuri uso wa Bibi Masjala.

"Samahani," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya mahakamani. "Hii mashine ni ya nini hasa?"

Fundi akamweleza kuhusu habari za mwili na mnong'ono, alivyofundishwa. Wakili alisikiliza, akaweka mkoba chini.

"Nina kesi mbili wiki hii," alisema. "Je, kuna foleni?"

"Mimi nilitangulia," alisema kinyozi. "Nasimama siku nzima."

Wakawa wanabishana nani alifika kwanza, na hakuna aliyetambua kwamba mlango wa karakana umegongwa kwa bega.

"Hiyo ni yangu."

Kishindo alisimama mlangoni na begi la shule mgongoni, kola ya sare imelowa mate. Alizitazama rola za bluu. Alimtazama bibi yake aliyekuwa katikati. Uso wake ulionyesha wazi kwamba ameibiwa mchana kweupe.

"Bibi, toka."

"Foleni," alisema bibi.

"Ni ya watoto. Shangazi Mpira alisema. Wewe si mtoto."

"Nilikuwa."

Kishindo akavua begi, akaanza kumsukuma bibi yake kwa kichwa kutoka nyuma. Fundi akamdaka, akamshika mikononi huku akipigwa mateke. "Subiri, mwanangu. Mtaalamu hajaikagua. Tuliahidi." Akapiga simu kwa mkono mmoja. Kliniki ilikuwa mtaa wa pili, na kelele zilizosikika kwenye simu zilimleta Shangazi Mpira kwa mwendo wa haraka.

Alichokikuta ni hiki. Kinyozi alikuwa amelala kwenye mashine, kichwa kimetoka, anatabasamu. Wakili alikuwa amevua viatu, amesimama nyuma yake anatazama saa. Bibi Masjala, mashavu mekundu, alikuwa ameketi na daftari lake anaandika zamu. Fundi alikuwa amezungukwa na mtoto kama nguzo iliyoviringishwa kamba.

"Naomba watu wazima wote watoke," alisema Shangazi Mpira.

Walitoka. Kinyozi alichelewa kidogo.

"Nilisema hakuna mtoto atakayepita kabla sijaikagua."

"Hajapita mtoto hata mmoja," alisema Bibi Masjala. "Rekodi ninayo."

Mtaalamu aliiangalia rekodi. Kisha akaingiza mkono kati ya rola, akasukuma, akatikisa kichwa. "Hii imekazwa kwa kipimo cha nani?"

Kila mtu alitazama tumbo la fundi.

Fundi alifungua mikanda ya mpira, akailegeza tundu moja, Shangazi Mpira akajaribu kwa mkono, akasema bado. Akalegeza la pili. Mtaalamu alipapasa kila ncha, akaona hakuna msumari uliochomoza, akapitisha mto wa kochi, kisha akapita yeye mwenyewe kwa wembamba wake, wala nywele hazikuvurugika. "Kazi nzuri," alisema. Fundi alitazama zulia, ingawa karakana haikuwa na zulia.

Halafu mtaalamu akapiga magoti upande wa pili wa fremu, akamwita mtoto kwa sauti ya chini. "Iko tayari. Ukitaka."

Kishindo alitaka. Aliingia kwa kichwa, kwa kasi, kama anavyoingia kila mahali, lakini rola hazikumkubalia kasi. Zilimshika mabega, zikamchelewesha. Akajivuta kwa mikono, akaminywa mgongo, kiuno, mapaja, akatokea upande wa pili. Akazunguka, akaingia tena. Watu wazima walikuwa wamekaa mstari mmoja juu ya kochi la wakili lisilo na kitambaa, fundi, mama mkwe, kinyozi na wakili, wamebanana kwa kuwa ni kochi la watu watatu, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Mara ya nne alikuwa anakwenda polepole. Mara ya saba alisimama katikati, shavu juu ya ngozi ya bluu. Mara ya kumi na moja alitoka, akakaa kwenye mkeka wa matambara, akavuta begi lake, akatoa kipande cha mkate kilichobaki cha shule. Akala, ameketi. Kola ya shati ilikuwa inaning'inia karibu na mdomo, hakuigusa.

Bibi Masjala alitazama saa yake kwa siri. "Dakika sita," alimnong'oneza mkwewe. "Na bado anaendelea."

"Usimhesabie, mama. Atasikia."

"Sihesabu. Naangalia tu." Akamsogelea zaidi, maana kochi lilikuwa dogo. "Kwa nini ulitumia tyubu za lori, si springi?"

"Springi inabana sehemu moja, mama. Tyubu inabana sawasawa."

"Kumbe." Akaandika. "Na sponji hii ni ya unene gani?"

Hivyo ndivyo Mama Kishindo alivyowakuta aliporudi kutoka kazini, madaftari ya hesabu kifuani. Mumewe na mama yake walikuwa bega kwa bega, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Kando yao kinyozi alikuwa amesinzia begani kwa mwanamke asiyemjua. Binti yake alikuwa ameketi, anakula, karakana yote kimya. Kwa mujibu wa mambo yote aliyoyajua kuhusu familia yake, picha ile ilikuwa na maelezo mamoja tu.

Akamshika mtaalamu mkono, akamvuta pembeni.

"Niambie polepole," alisema. "Nani kafa?"

Ilimchukua Shangazi Mpira muda kumwelewesha, na hata baada ya kuelewa aliendelea kuwatazama mumewe na mama yake kwa mashaka. Hakuna aliyeangalia geti jioni ile. Mama Kishindo alilifunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata mashine ilihamishiwa kliniki, na Kishindo akawa anaipitia Jumanne na Alhamisi kabla ya mazoezi yake mengine. Milango bado anaigonga kwa bega. Kola moja imemaliza muhula mzima. Mwalimu wake ametuma kijibarua kimoja tu, akiuliza kama fundi anaweza kutengeneza mto mzito wa kuweka mapajani kwa watoto wengine wawili wa darasa hilo, na kama kuna ukubwa wa mwalimu.

Bibi Masjala aliahirisha safari yake mara mbili, kisha akaacha kuitaja. Siku za kliniki ndiye anayempeleka mjukuu wake, na kwa kuwa hawezi kukaa bure alianza kwa kupanga foleni ya wazazi, akaendelea na kabati la mafaili. Shangazi Mpira hana neno. Anachokataa ni kitu kimoja, na amekiandika kwa herufi kubwa juu ya mashine: mwisho ni miaka kumi na miwili. Bibi analisoma tangazo hilo kila anapopita, kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa la herufi.